Alama za Ziwa Mlimani

 

Enyi ndugu Waislamu wa Ufipa, tazameni bonde la Rukwa. Yapata miaka 10,000 iliyopita, barafu ya nchi za kaskazini ilipokuwa ikiyeyuka, mvua kubwa zilinyesha huku kwetu, nalo ziwa likasimama kiasi cha mita 180 juu ya lilipo leo, likafurika kwa upande wa Karema likamwagikia Tanganyika. Mchanga wa pwani zake za kale, pamoja na makombe, ungali juu katika nchi kavu. Sasa halina mlango wa kutokea. Maji yake huondolewa na jua. Mwaka 1929 urefu wake ulikuwa maili 30 tu, na mwaka 1939 ukawa maili 80. Miaka kumi!

Basi nastaajabu na mtu aapaye kwa jina la Mola kwamba tope lililoachwa na maji ni lake peke yake, hali jirani aliyelilima kabla ya maji kupanda yu hai. Sura ya Mulki, aisomayo kila usiku, yakoma kwa swali juu ya maji yaliyodidimia. Na aende kwa jirani yake kabla ya kiapo, waligawe mbele ya wazee. Na ziwa likirudi, wasidaiane.