Mtoto Anayeparamia na Wajibu wa Walio Chini

Wazazi wa mtoto mwenye usonji au ulemavu mwingine wa ukuaji wanaijua kazi moja isiyo na likizo: kumshusha. Akitolewa juu ya friji anakwenda kwenye nondo za dirisha. Akibanduliwa kwenye nondo, anavuta droo za kabati moja baada ya nyingine mpaka zimekuwa ngazi, na kabla sufuria haijaepuliwa jikoni yuko juu kabisa, amesimama kwa vidole vya miguu, anacheka. Hatari ya kuvunjika mkono au kuangukiwa na kabati haihitaji kufafanuliwa. Kinachohitaji kufikiriwa ni lawama. Mtoto huyu akianguka, au akiangusha televisheni ya jirani, kosa ni la nani? Majibu ya haraka ni mawili: ni mtundu, achapwe, au ni malaika asiyejua kitu, basi hakuna wa kuulizwa. Yote mawili yana kasoro. Mtoto hana hatia, lakini kukosa kwake hatia hakufuti wajibu. Kunauhamishia kwa walio chini, na walio chini ni wengi kuliko mama yake.

Tuanze na mwili wake. Binadamu ana milango ya fahamu zaidi ya ile mitano tuliyofundishwa shuleni. Ndani ya sikio kuna kiungo kinachouarifu ubongo kama tumesimama, tumeinama au tunazunguka, na ndani ya misuli na maungio mna hisi inayotuambia mkono uko wapi hata tukiwa tumefumba macho. Jean Ayres, mtaalamu wa utengamao wa Marekani, aliandika katika miaka ya 1970 kwamba kuna watoto ambao taarifa hizi hazijipangi vizuri ubongoni. Tiba aliyoibuni inabishaniwa na watafiti mpaka leo, lakini tofauti ya hisi aliyoiona imekubalika: mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unaitaja miongoni mwa dalili za usonji. Mtoto ambaye mwili haumpi taarifa za kutosha huzitafuta mwenyewe. Huruka, huzunguka, hujibana kwenye kona, huparamia. Akishafika juu, woga ambao ungemrudisha mtoto mwingine huenda usije kabisa. Kumwita mkaidi ni kumhesabia ukaidi dhidi ya amri ambayo mwili wake unaishinda kila dakika.

Dini zetu zimelifikiria jambo hili kwa undani kuliko tunavyokumbuka. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi inafundisha kwamba kalamu ya kuandika madhambi imeinuliwa kwa mtoto asiyebaleghe, kwa aliyelala na kwa asiye na akili timamu. Wengi huishia hapo wakipumua. Mafakihi hawakuishia hapo. Walitenganisha dhambi na dhamana. Mtoto akivunja chombo cha watu haandikiwi dhambi, lakini chombo kina fidia, nayo hutoka katika mali yake mwenyewe kwa mkono wa walii wake. Hasara haikosi mwenyewe. Lawama ikishaondolewa juu ya mtoto haipotei hewani. Inageuka kuwa wajibu na kumtafuta mwenye uwezo wa kuubeba.

Torati inaupeleka wajibu huo mbele zaidi, kabla hasara haijatokea. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwamuru ajengaye nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari yake, ili mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Katika nchi ile dari zilikuwa tambarare, watu wakianika na kulala juu yake. Amri haimwambii mpandaji ajihadhari, wala haiulizi kama ni mwangalifu, mlevi au mtoto. Inamshika mwenye nyumba, kwa sababu yeye ndiye aliyeweza kuona mbele. Idara ya afya ya jiji la New York ilifuata mantiki hiyohiyo mwaka 1972 ilipoanza kampeni dhidi ya vifo vya watoto wanaoanguka madirishani. Wazazi walielimishwa, na pia familia zenye watoto wadogo ziligawiwa vizuizi vya madirisha bure. Katika eneo la Bronx, maanguko yaliyoripotiwa yalipungua kwa nusu kati ya 1973 na 1975, na mwaka 1976 jiji likawalazimisha wenye nyumba kuviweka. Wale walikuwa watoto wa kila aina. Ikiwa mtoto wa kawaida alihitaji ukingo kuliko makaripio, mwenye ulemavu anauhitaji zaidi.

Wapo watakaojibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Mtoto asipokatazwa leo, wanasema, kesho ataparamia nguzo ya umeme. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, kwa kuwa mtoto huyu naye hufundishika. Kosa ni kudhani kwamba fimbo ndiyo inayofundisha. Adhabu humsaidia anayeweza kuunganisha tendo na tokeo lake, kisha akajizuia. Asiyeweza hujifunza tu kupanda pasipo na mtu. Haja haiondoki kwa kupigwa, huhama mahali. Kwa hiyo malezi ni kuipatia mahali halali. Kabati linafungwa ukutani kwa skrubu, stuli zinaondolewa karibu na dirisha, komeo la mlango linapandishwa asipofika. Kisha uani panawekwa matairi makuukuu yaliyofukiwa nusu, au ngazi fupi juu ya godoro, na kila akishushwa kwenye friji anapelekwa hapo, kwa maneno yaleyale machache, na watu wote wa nyumba. Huo ndio mkunjo unaofaa samaki huyu, nao unadai nidhamu kubwa zaidi kwa mzazi kuliko kwa mtoto.

Pingamizi zito zaidi ni la kamba. Kuna mama anayemfunga mtoto kwenye mguu wa kitanda kwa kipande cha kanga, kwa sababu lazima akateke maji na mwenzake wa kumwachia hana. Atasema anamwokoa, na huenda mtu akamtetea kwa mafundisho ya Mtume kuhusu ngamia: mfunge kwanza, ndipo umtegemee Mungu. Mafundisho hayo yanapinga uzembe wa mwenye mali. Mtoto si mali, na kinachopaswa kufungwa kwanza ni mlango, dirisha na kabati. Hata hivyo si kila kizuizi ni dhuluma. Mbeleko ni kizuizi, na mkanda wa gari pia. Kipimo ni kama kizuizi kinamwingiza mtoto katika maisha ya wenzake au kinamtoa, na kama kina mwisho unaojulikana. Mkanda humfikisha safarini na watu wengine, kisha hufunguliwa. Kamba ya kitanda humweka nje ya kila kitu, na siku moja ya dharura huzaa mwaka mzima wa mazoea. Basi kamba ni mbaya. Lakini aliyepita mlangoni, akaiona, akaenda zake kusimulia, ana sehemu yake katika fundo lile.

Wengine hukimbilia majaliwa: kama ameandikiwa kuanguka, ataanguka. Wanaosema hivyo hufunga milango yao usiku, kwa hiyo hawaamini kwamba majaliwa huondoa komeo. Wengine wanamtafuta mwenye dhambi aliyesababisha, au pepo. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi waliuliza hivyo kuhusu kipofu tangu kuzaliwa, na Yesu akakataa kumtwika kosa kipofu au wazazi wake. Kutafuta mkosaji wa jana ni njia nyepesi ya kukwepa kazi ya leo.

Limebaki la uwezo. Familia inayopanga chumba kimoja haina uani wa kufukia matairi, wala haiwezi kubadilisha madirisha ya nyumba ya mtu. Ni kweli, na hapo ndipo hoja yote inapoelekea. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unautazama ulemavu kuwa ni matokeo ya upungufu wa mtu kukutana na vikwazo vya jamii. Basi mwenye nyumba ana ukingo wake wa kuweka, shule ina wake, na nyumba ya ibada ina wake, maana wazazi wengi huacha kuhudhuria kwa hofu kwamba mtoto ataparamia mimbari. Kwa Waislamu mfano upo: katika hadithi ya Nasai, Mtume aliirefusha sijida kwa kuwa mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, na alipoulizwa alieleza kwamba hakutaka kumharakisha kabla hajamaliza haja yake. Kupanda kulihesabiwa kuwa haja, na jamaa nzima ikasubiri.

Kusubiri pamoja ndilo jambo ambalo mzazi peke yake hawezi. Kuna saa atakazolala, atakazougua, atakazokuwa jikoni. Kabla jirani hajauliza kwa nini mtoto yule hafungwi au hachapwi, aseme kwanza ni saa ngapi za wiki atakazoshika zamu yeye. Asiyekuwa na jibu la swali hili hana haki ya kuuliza lile.