Amana ya Mpagazi na Fundi

Wahenga walinena, "Chombo cha kuzama hakina usukani." Maana yake ni kwamba jambo lililokwisha andikiwa kuharibika halizuiliki kwa hila wala kwa juhudi. Neno hili huwafariji waliofikwa na msiba. Lakini laweza pia kuwa kimbilio la mvivu, asemaye kwamba kazi isiyo na mwisho mwema haistahili kufanywa vyema. Basi swali ni hili: mtu ana wajibu gani kwa kazi ya mikono yake, ikiwa ajua kwamba kesho itaangamia, au itaangukia mikononi mwa adui?

Jibu moja lapatikana mahali ambapo hapadhaniwi kuwa na habari za vyombo vya majini. Tabora ni mji wa bara, mbali na bahari, nao ulikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo njia ilipanda hadi Unyanyembe, na tawi lake moja likaendelea magharibi hadi Ujiji, penye ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walipata jina kubwa kwa upagazi wa njia hiyo. Pembe, nguo na shanga walizochukua mara nyingi hazikuwa mali yao; zilikuwa amana, na sifa ya mpagazi ilikuwa kuifikisha amana hiyo kamili. Hata mashua zilivuka nchi kavu mabegani mwa watu: mwaka 1874 Stanley aliondoka Bagamoyo na mashua yake, Lady Alice, ikiwa vipande vipande, ikachukuliwa kwa njia ya kaskazini hadi ziwa Victoria, na mwaka 1876 ikaelea juu ya Tanganyika.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, magurudumu yakashika kazi ya mabega. Wakati huohuo meli iliyoitwa Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa tena, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupitishwa Tabora kwa gari la moshi. Huko Kigoma mafundi wachache wa Kijerumani, pamoja na wafanya kazi wa Kiafrika na Kihindi, wakaiunga upya. Ilishushwa majini mwaka 1915, vita vikiwa vimekwisha anza, ikageuzwa kuwa meli ya vita.

Haikudumu. Tarehe 26 Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yakiikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe. Mafundi walitii amri. Lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi nzito, ili maji yasiile. Tarehe 19 Septemba Tabora nayo ikatwaliwa.

Yupo atakayesema kwamba grisi ile si fadhila hata kidogo. Mafundi wale walitumaini kwamba watu wao wangerudi na kuifufua meli. Waliihifadhi silaha, wala hawakumfikiria mwenyeji wa ziwa. Hoja hii ni ya kweli, wala haifai kupuuzwa. Wakati huohuo maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikuwa wakifa kwa njaa na maradhi katika vita visivyokuwa vyao, wala hapakuwa na mtu aliyewatunza kama chuma kile kilivyotunzwa. Kuipaka mashine mafuta na kumwacha mchukuzi afe njiani ni aibu ambayo ustadi hauwezi kuifuta.

Hata hivyo nia ya mtendaji ni jambo moja, na tunda la kazi ni jambo jingine. Wabelgiji waliiinua meli ile, ikazama tena kwa dhoruba. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa majini wakaikuta mitambo yake bado yafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Tangu hapo ilichukua wachuuzi, wagonjwa, wanafunzi na magunia ya dagaa. Na mwezi wa Mei mwaka 2015 ikawavusha maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Hao ndio waliorithi grisi ya mwaka 1916, ingawa hawakukusudiwa.

Lakini amana haiishi kwa aliyeitengeneza. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikiwa imepakia watu kupita kadiri yake, na mamia wakafa. Pale hakukosekana fundi tu, ilikosekana pia dhamiri ya kumwambia abiria mmoja zaidi, "Hapana."

Basi methali ya wahenga yahitaji nyongeza. Chombo cha kuzama huenda hakina usukani, bali aliyekabidhiwa chombo hicho bado ana wajibu. Mpagazi hakuuliza kama mzigo ni wake ndipo aufunge vizuri. Afanyaye kazi njema humfanyia mtu asiyemjua. Na autunzaye uhai wa huyo kwanza, kisha chuma, ndiye aliyeirudisha amana kwa wenyewe.