Bei ya Kusahihishwa

Ndani ya tochi ya kuchaji, mashine ya kunyolea au taa ndogo ya sola mara nyingi kuna maikrokontrola: kompyuta nzima kwenye chipu moja isiyozidi punje ya mchele. Hulala karibu muda wote ili isimalize betri, kisha huamka kidogo tu kupima chaji na kuamua kama taa iwake au izime.

Kampuni ya Padauk ya Taiwan ina moja iitwayo PMS150C, ambayo imekuwa ikiuzwa kwa takriban senti 3 za dola ukinunua nyingi. Hiyo ni kama bob nne. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni baiti 64. Hata SMS moja ndefu haiingii humo. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba huandikwa programu mara moja tu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ukiongeza senti kama 7 unapata CH32V003 ya kampuni ya WCH ya China, ambayo inaweza kufutwa na kuandikwa upya. Tofauti ni kama bob tisa, haifiki bei ya yai la kuchemsha pale stage.

Sasa, je, ni haki kumuuzia maskini kitu kisichosahihishika kwa sababu ndicho anachoweza kumudu?

Mhandisi ana jibu, na tusilipuuze. Bob tisa mara taa milioni moja ni milioni tisa. Tena kila anayeishika taa kabla ifike dukani anaongeza yake juu. Mwishowe kuna mama atakayeshindwa na bei arudi kwa koroboi. Kwake, taa isiyosahihishika ni afadhali kuliko moshi. Hapo nakubali.

Ila tuseme programu iliandikwa vibaya, taa inazima betri ikiwa bado nusu. Fundi wa Luthuli Avenue ataifungua. Betri sawa, paneli sawa, nyaya sawa. Kilichoharibika ni uamuzi, na uamuzi haulehemiwi. Taa nzima inaenda Dandora. Zile bob tisa alizookoa mtengenezaji, mama anazilipa kwa bei ya taa nyingine.

Na usidhani chipu ya bei ya juu ndiyo dawa. Hata inayofutika inaweza kufungwa, na programu yake ikabaki kwa mtengenezaji. Fundi bado atakwama palepale.

Ndiyo maana sioni shida na chipu ya bob nne yenyewe. Swali ni nani anabeba kosa likitokea. Mtengenezaji akiamua kuuza kisichosahihishika, aseme hivyo kwenye boksi, na taa ikikosea aibadilishe bila maneno mengi. Akitaka mnunuzi abebe hatari hiyo, basi ampe fundi programu na njia ya kuiandika upya. Kumnyima mtu vyote viwili, halafu kumwambia ati "si ulitaka ya bei rahisi?", mimi huo nauita wizi, hata kama ni wa bob tisa.