Ruhusa na Haja

Watu wengi hudhani ya kuwa neno lililoruhusiwa na sheria ni neno jema, na ya kuwa mtu aliyekaa ndani ya ruhusa hana lawama. Na tulipime wazo hili kwa kazi ndogo ifanywayo mbali na kwetu, maana mara nyingi jambo dogo huonyesha kubwa.

Katika Marekani liko ziwa Michigan, lenye urefu wa maili 300 hivi, dogo kidogo kuliko ziwa Victoria. Mwezi wa Oktoba na Novemba, majani ya miti yapukutikapo na maji kupoa, samaki aitwaye stilihedi, yaani "kichwa cha feleji", husogea ufukoni karibu na mahali mito iingiapo ziwani. Huyu ni trauti, wa jamii moja na wale waliotiwa katika mito ya Mlima Kenya zamani za Waingereza. Asili yake ni mito iingiayo bahari ya Pasifiki. Mwaka 1876 trauti wa California walitiwa katika mto Au Sable wa Michigan. Leo wengine huzaliwa mitoni, na wengine hulelewa katika mabwawa ya serikali, kisha hufunguliwa wangali wadogo.

Mvuvi husimama mchangani na ufito mrefu, apate kuutupa mshipi nyuma ya mawimbi. Chambo chake ni mayai ya samaki yaliyofungwa katika wavu laini, pamoja na kiboya kidogo cha kuyainua juu ya mchanga. Chubwi huyazuia yasichukuliwe na maji. Kisha huusimika ufito katika bomba lililochomekwa mchangani, akangoja katika baridi, pengine siku nzima.

Sheria humwekea idadi ya samaki awezao kutwaa kwa siku. Basi, akiisha kupata mmoja wa kuwatosha watu wa nyumbani mwake, je, yafaa atwae wa pili na wa tatu kwa kuwa ameruhusiwa? Wako wasemao, "Yafaa, maana nimelipia cheti, na samaki hawa wamelelewa kwa fedha zetu." Hoja hii ina nguvu, wala siidharau. Lakini tazama hali ya samaki mwenyewe. Samoni wa Pasifiki, aliyetiwa pia katika ziwa hilo, huzaa mara moja, kisha hufa. Stilihedi sivyo: akiisha kutaga mtoni aweza kurudi ziwani, akaishi, akazaa tena mwaka mwingine. Amtwaaye hakutwaa nyama tu. Ametwaa na uzazi uliobaki. Nayo sheria haiwezi kujua kila nyumba ina walaji wangapi. Huweka mpaka wa nje. Mpaka wa ndani mtu hujiwekea mwenyewe.

Wengine hujibu, "Mimi humrudisha kila samaki majini, basi sina lawama." Hilo nalo lapasa kupimwa. Samaki aliyeshindana na mshipi hata akachoka, akaburutwa mchangani, utelezi umlindao ukakwanguka, akainuliwa hewani ili watu wamsifu mvuvi, huenda akafa baada ya kuachwa. Aliyenasa kumi kwa mchezo akawarudisha hivyo hana huruma kuliko aliyetwaa mmoja, akamwua upesi, akamla na watoto wake. Huruma haipimwi kwa kuacha tu, bali kwa namna ya kutenda. Mwenye kurudisha na amfungue samaki majini mumo humo, upesi, kwa mikono iliyolowa.

Kwa hiyo naona ya kuwa shauri lapasa kukatwa kabla ya ndoana kutupwa. Samaki akiisha kumeremeta mchangani, tamaa ndiyo hakimu, nayo haijui kiasi. Asubuhi, mkono ungali mtupu, mtu aweza kujiuliza kwa haki: nahitaji wangapi? Nikiisha kuwapata, nitakoma?

Sisi nasi twaruhusiwa mengi, kama kumdai maskini deni siku ile ile iliyoandikwa. Hakuna askari atakayetukamata. Lakini angojaye sheria imwambie "Basi" hukoma afikapo ukingoni. Mwungwana hukoma akiisha kutosheka.