Bayi Hakukaa Foleni

Saa kumi na mbili kasoro alfajiri, Tunduma ina baridi ya kuuma masikio. Malori yamelala pembeni mwa barabara, moja nyuma ya jingine, kuelekea mpakani. Utingo mmoja amechuchumaa kando ya tairi anapuliza jiko la mkaa. Mwenzake ananawa uso kwa maji ya dumu. Hapo akapita binti wa shule, sweta amelifunga kiunoni, yeboyebo miguuni, anakimbia. Hakuwa amechelewa, maana kengele ilikuwa mbali bado. Alikuwa mazoezini. Akalipita lori la kwanza, la pili, la kumi, na mimi nimesimama na kikombe cha chai ya rangi mkononi, namfikiria Filbert Bayi.

Mdogo wangu, nakuandikia wewe. Na wewe unayebadilisha kwacha pale mpakani, na wewe uliyemaliza kidato cha nne Vwawa ukarudi nyumbani kungoja mambo yakae sawa. Mji wetu umetulea katika kungoja. Tunangoja karatasi zitoke forodhani, tunangoja gari la mbele lisogee, tunangoja mtu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, apige simu. Tumengoja hadi tunadhani kungoja ndiyo busara yenyewe.

Bayi alizaliwa mwaka 1953 Karatu, nyanda za juu zenye asubuhi za baridi kama hizi za kwetu. Tarehe 2 Februari 1974, wakati reli ya TAZARA inayopita hapa Tunduma ikiwa bado inajengwa, kijana huyo wa miaka 20, askari wa JWTZ, alisimama Christchurch, New Zealand, kwenye fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Pembeni yake alikuwepo John Walker, mwenyeji, na Ben Jipcho wa Kenya.

Wakimbiaji wengi wa mbio hizo walikuwa na desturi moja: unajificha nyuma ya wenzako, unamwachia aliye mbele akupasulie upepo, unamvizia, kisha mzunguko wa mwisho unachomoka. Ni hesabu nzuri. Anayeongoza hamwoni anayemfuata, na anachoka kwa niaba ya wote. Bayi aliijua hesabu hiyo akaikataa. Bastola ilipolia alitoka mbele na kufungua pengo, akabaki mbele mzunguko baada ya mzunguko, hana wa kumvutia kasi, nyuma yake kundi zima la watu waliozoea kuwala wanaoanza haraka. Walker alimkaribia mwishoni kabisa, uwanja ukipiga kelele kwa ajili ya mtoto wa nyumbani. Hakumfikia. Dakika 3, sekunde 32.16. Rekodi ya dunia.

Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Mmarekani Jim Ryun, ya mwaka 1967. Na siku hiyo Walker naye alikimbia chini ya muda wa Ryun, akaishia wa pili! Hapo ndipo napenda ukae kidogo. Bayi alipokataa kungoja, aliwavuta na wenzake wakafika mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa amefika. Ndiyo maana namwangalia yule binti wa yeboyebo nikijua kwamba wapo watoto wengine wanaomchungulia dirishani.

Mwaka uliofuata, Kingston, Jamaika, Bayi alivunja rekodi ya maili kwa dakika 3:51.0. Haikumaliza hata miezi mitatu, Walker akaichukua. Wote wakasubiri Montreal 1976 waonane tena. Hawakuonana. Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki hiyo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker alichukua dhahabu bila Bayi uwanjani. Mimi naamini kususia kule kulikuwa haki. Naamini pia kwamba kulimgharimu kijana mmoja kitu ambacho hakuna aliyeweza kumrudishia, na hayo mawili sitaki kuyatenganisha.

Angeweza kukunja viatu. Badala yake alihamia mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Moscow 1980 akatoka mbele vilevile, kwa kasi ileile isiyoomba ruhusa. Mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Fedha. Suleiman Nyambui naye akaleta fedha ya mita 5,000, na hadi Michezo ya Paris 2024 medali hizo mbili ndizo pekee Tanzania ilizowahi kupata katika Olimpiki. Baada ya kustaafu, Bayi alijenga shule, Kimara na Kibaha, na kuitumikia Kamati ya Olimpiki ya Tanzania kwa miaka mingi kama katibu mkuu. Rekodi yake ya Christchurch ilibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa miaka 48, hadi 2022.

Sasa wewe. Usiniambie mkoa wetu wa Songwe hauna uwanja wa lami. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kuna wanariadha wanaopanda ndege kwenda kutafuta hewa nyepesi kama hii unayoivuta bure kila asubuhi. Njia za vumbi katikati ya mashamba ya kahawa ya Mbozi zina vilima vya kutosha kumtengeneza mtu yeyote.

Anza na hili. Nenda uwanja wa mpira wa shule iliyo karibu nawe, uuzunguke mara moja na robo hivi; hizo ni kama mita 400. Washa saa ya simu, kimbia kwa nguvu zako zote. Bayi kila mita 400 alizimaliza kwa wastani wa chini ya sekunde 57, na alifanya hivyo karibu mara nne bila kupumzika. Utahema, utainama, utashika magoti. Soma muda wako, uandike kwenye karatasi, uibandike ukutani juu ya kitanda. Keshokutwa rudi tena. Kama huna saa, nifuate pale kwenye chai, malori yakiwa bado hayajawasha injini. Mimi nitakuhesabia.