Mgeni wa Baiskeli na Mgeni wa Turubai

Waswahili wana methali mbili kuhusu mgeni ambazo sijawahi kuziona zikipatana. Moja inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyingine inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nimekulia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, na kwetu hii ya pili ni jambo la kila siku: anayepokelewa huko huonyeshwa kipande cha ardhi na kutarajiwa alime. Ile ya kwanza nilianza kuifikiria nilipokuja kusoma Mbarara na kuona wageni wa aina nyingine, wale wanaopita na baiskeli zenye mabegi pande zote mbili za magurudumu, wakitafuta vilima.

Swali ninalotaka kulijadili ni hili: je, ni halali mtu kufanya starehe ya safari mahali ambapo wengine wamefika kwa kukimbia?

Swali limetufikia kwa njia ya kawaida kabisa. Sisi wanafunzi wachache tunachora njia ya waendesha baiskeli, kwa matumaini kwamba siku moja itawapa kazi vijana wa huku. Inatoka Mbarara, inavuka mto Rwizi, inafuata lami ya Isingiro katikati ya migomba inayopanda mpaka vileleni, kisha inaacha lami na kushuka kwa barabara ya udongo mwekundu kuelekea ziwa Nakivale. Kutoka hapo msafiri anaweza kuzunguka hadi Ziwa Mburo, hifadhi ya taifa tangu 1983, ambako watu huendesha baiskeli kati ya pundamilia na swala wakiongozwa na askari wa wanyamapori. Maji ya Rwizi nayo huelekea kwenye maziwa hayo hayo, kwa hiyo mtu anaweza kusema njia yetu inaufuata mto. Anayependa vilima hatachoka kuisifu. Tatizo ni kwamba katikati yake kuna sisi. Wenzangu waligawanyika: wengine walitaka njia ipite ndani ya makazi, wengine walitaka izunguke. Na kwa kuwa mimi peke yangu ndiye mwenye nyumbani huko, macho yote yalinigeukia.

Nianze na waliotaka kuzunguka, kwa sababu hoja yao ina uzito. Walisema ni aibu kuigeuza shida ya watu kuwa mandhari. Mgeni anapanda kilima, anasimama, anatoa simu, na katika picha yake kuna ziwa, ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, na mtoto mwenye dumu la maji kichwani. Vyote vitatu vimewekwa sawa. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1785 kuhusu misingi ya maadili, alitofautisha kitu chenye bei na kiumbe chenye utu: chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine, mwenye utu hana mbadala. Mtoto wa kwenye picha anaweza kubadilishwa na mtoto mwingine yeyote mwenye dumu, na picha isiharibike. Hapo ndipo kosa lilipo, na sidhani kama Kant angebishana nami, ingawa yeye mwenyewe hakusafiri mbali na mji wake wa Königsberg na huenda baiskeli ingemshangaza.

Hata hivyo, sikukubaliana nao. Kuzunguka makazi ili kutuheshimu kuna jambo ndani yake linaloniudhi. Nakivale ilianza na wakimbizi wa Rwanda zaidi ya miaka 60 iliyopita. Leo ukifika Base Camp utakuta maduka ya Wasomali, injera ya Waethiopia, kwaya za Wakongo zinazofanya mazoezi mpaka usiku, mashamba ya maharage ya Warundi. Kuna watu waliozaliwa hapo, wakaoa hapo, wakazikwa hapo. Mtu anayesema tusipitie huko kwa sababu ni mahali pa huzuni ameshatuamulia kwamba hatuna kingine zaidi ya huzuni. Wagonjwa wa kuambukiza nao huzungukwa kwa adabu.

Kundi la pili lilikuwa na hoja ya biashara. Wageni watanunua chai, chapati na maji, watahitaji wa kuwaonyesha njia na wa kuziba pancha. Hii ndiyo methali ya kwanza katika mavazi ya kazi. Nilimuuliza mama mmoja anayekaanga chapati karibu na barabara anaonaje. Alinijibu bila kuinua macho kwenye kikaango: "Wakinunua chapati, mwanangu, wapige picha ya chapati." Nadhani aliimaliza nusu ya hoja. Fedha inafungua mlango wa kuja, haifungui mlango wa kutazama ovyo. Lakini nusu ya pili ya hoja ilibaki.

Nusu hiyo ni ya ndani zaidi. Chukua baiskeli mbili zinazokutana kwenye mpando mmoja wa Isingiro. Moja ina gia nyingi, hema lililokunjwa na chupa ya maji. Nyingine imebeba mikungu ya matoke, na mwenyewe haipandi. Anaisukuma kwa mkono mmoja, na mkono mwingine umeshika kijiti kilichofungwa kwenye usukani. Wote wawili wanatoka jasho. Wa kwanza amelichagua jasho lake, na ukiliondoa jasho hilo utakuwa umemharibia safari. Wa pili angefurahi sana kilima kisingekuwepo. Je, ugumu wa kuchagua si dhihaka kwa mwenye ugumu wa kulazimishwa?

Kwa muda niliona ni dhihaka. Kisha nikafikiria saumu. Majirani zetu Wasomali wanapofunga Ramadhani, hakuna anayesema wanawadhihaki wenye njaa. Mtu anaweza kujichagulia ugumu bila kumtukana anayeubeba bila kuchagua. Lakini saumu ina sharti: anayefunga anatakiwa amkumbuke asiye na chakula, na anapofungua atoe. Mfungaji asiyejua kwamba njaa ipo atakuwa ameshinda tu bila kula. Vivyo hivyo mpanda vilima asiyemwona mwenye matoke kando yake.

Jambo jingine lililonibadilisha ni mzee mmoja Mrundi, jirani yetu, aliyekuwa akibeba ndizi kwa baiskeli kutoka Bugarama kushuka Bujumbura. Njia hiyo inajulikana: vijana huteremka kwa kasi ya kutisha wakiwa na mzigo, na wakati wa kurudi hushika malori kwa nyuma ili wavutwe juu. Ni hatari, na watu wamekufa. Nilitarajia mzee anisimulie mateso. Alinisimulia mteremko. Alieleza jinsi upepo ulivyokuwa ukijaa kwenye shati, jinsi walivyoshindana, nani alikuwa akiogopwa kwenye kona gani. "Mnadhani furaha ni ya Wazungu peke yao?" aliniuliza. Mama yangu, aliyetoka Goma, aliingilia na kutaja chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio ambayo mji wake umeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu. Nao waliokuwa wakiziendesha, alisema, walijua kujionyesha mbele ya wasichana.

Kwa hiyo aliyelazimishwa naye ana furaha yake, na msafiri wa baiskeli hakuileta kutoka kwao. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Dunia ikashangaa jinsi vilima vile vilivyo vigumu. Wabeba mboga wa Kigali hawakuhitaji kuambiwa.

Ikiwa furaha ni ya wote, tofauti iko wapi? Naiona iko mpakani. Mama yangu alipowaona wageni wa baiskeli kwa mara ya kwanza, wamechoka, wana vumbi, wamebeba nyumba ya kitambaa na sufuria moja, aliuliza kwa huruma ya kweli: "Hawa nao, kwao kuna vita gani?" Sisi tulicheka, lakini swali lilikuwa na akili. Aliona watu wenye turubai, naye anajua turubai maana yake nini. Nyumba yetu ya kwanza Nakivale ilikuwa turubai. Kwa macho yake walikuwa wageni wa aina moja na sisi.

Kant angemuunga mkono. Katika kijitabu chake cha 1795 kuhusu amani ya kudumu, alisema kila binadamu ana haki ya kufika katika nchi ya wengine bila kutendewa kama adui, kwa sababu uso wa dunia ni wetu sote na hatuwezi kutawanyika bila mwisho. Mwenyeji anaweza kumrudisha mgeni, lakini si pale ambapo kumrudisha ni kumwangamiza. Ukisoma hivyo, anayekimbia ana dai zito kuliko anayetembea. Dunia inafanya kinyume. Mpanda baiskeli kutoka Ulaya anaweza kufika Mbarara, akaenda Kabale, akavuka kuingia Rwanda, na kugonga mihuri njiani kama mtu anayekusanya stempu. Mimi, kwa sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006, nina haki ya kutembea ndani ya nchi na kufanya kazi, na ninaishukuru. Nchi nyingi hazitoi hivyo. Lakini nikitaka kuendelea na njia ile ile hadi Kigali, lazima niombe hati ya kusafiria na kungoja. Kilima hakiulizi karatasi, mpaka unauliza.

Simlaumu msafiri kwa hilo. Hakuutengeneza mpaka. Ninachosema ni kwamba wepesi wake si matunda ya miguu yake peke yake, na anayejua hivyo atatembea tofauti. Atasalimia kwanza. Ataomba ruhusa ya kuingia kama wageni wote wanavyotakiwa kufanya, na ataomba ruhusa ya picha kwa mwenye sura, hata akiwa mtoto. Atakubali kuulizwa maswali yeye pia: umetoka wapi, umeacha nani, utarudi lini. Huko Rubondo na Juru watu wameulizwa maswali hayo na maofisa kwa miaka mingi. Itakuwa zamu nzuri.

Kwa wenzangu nilisema njia ipite ndani, kwa sharti moja: isiwe ya kuingilia tu. Vijana wa makazi nao waende nayo upande wa pili, mpaka Ziwa Mburo wakaone pundamilia, mpaka Mbarara, kwa baiskeli zile zile zitakazokodishwa kwa wageni. Mmoja wa wenzangu alipinga, na hoja yake bado inanisumbua. Alisema mgao wa chakula umepunguzwa, watu wanahesabu vikombe vya unga, na wewe unapanga matembezi ya starehe. Ni kweli umepunguzwa. Nyumbani kwetu tunajua vizuri kuliko yeye. Lakini karibu na soko la Base Camp kuna kijana mwenye baiskeli mbili kuukuu anazowakodisha watoto kwa dakika, kwa sarafu walizozipata wanakojua wenyewe. Wanapanda mpaka kwenye mwinuko ulio karibu, wanageuza, wanaachia breki. Nimewahi kumwuliza kama biashara ilipungua tangu mgao uliposhuka. Akasema foleni ni ile ile, ila sasa wanapanda wawili wawili kwenye baiskeli moja, mmoja kwenye keria.