Kibuyu Hakina Lebo

Kazi yangu Nairobi ni kuchora lebo za chupa. Kwa hiyo Desemba iliyopita, nilipokwenda nyumbani Kau na rafiki yangu, nilibeba Glenfiddich ya miaka 12 ndani ya sanduku lake. Jioni tukakaa chini ya mwembe, nikajidai mwalimu: wiski hii ni ya kimea cha shayiri tupu, imetoka kiwanda kimoja, na sheria ya Scotland inataka ilale ndani ya pipa la mwaloni miaka 3 au zaidi. Nikamwonyesha na chupa yenyewe, ile ya pembetatu aliyoichora Hans Schleger.

Mjomba wangu ni mgema. Alikuwa ametuletea tembo ndani ya jerikeni la mafuta ya kupikia. Nilikuwa nimelisukuma nyuma ya mlango kabla mgeni hajaliona.

Mjomba akaligeuzageuza lile sanduku. "Mpwa wangu, aliyeipika jina lake liko wapi?"

Nikamwambia lipo la William Grant, aliyeanzisha kiwanda mwaka 1887.

"Huyo ni mwenye kiwanda. Nauliza mpishi."

Sikuwa na jibu.

Ni rahisi kusema sanduku ni ujanja wa kuuza. Mimi sisemi hivyo, na si kwa sababu ndilo linalonilisha. Lile sanduku lilinifanya ninuse kwanza, ninywe polepole, nimfikirie mtu aliyengoja miaka 12. Hiyo ni adabu. Shida ni kwamba nimezoea kungoja sanduku liniambie nini kinastahili adabu.

Tembo nalijua tangu utotoni. Mjomba hupanda mnazi asubuhi na jioni, akakata karara kwa kotama, kipande chembamba tu. Tembo huanza kuchachuka palepale juu mtini. Leo tamu, kesho kali, kesho kutwa siki. Wiski inaweza kukungoja hata ukiwa mbali. Tembo halimngoji mtu, na hakuna sanduku la kulifikisha Nairobi likiwa lilelile. Ukitaka kuliheshimu, lazima uwepo. Mimi nilikuwepo, tena hatua tatu kutoka kwake, na nikalificha. Kusema kweli, sikuficha jerikeni. Nilimficha mzee wa miaka sitini na kitu aliyekuwa amepanda mti kwa ajili yetu.

Asubuhi nilimwomba msamaha. Hakusema kitu, alinipa tu kibuyu nimshikie. Alipoteremka, rafiki yangu akaonja, kisha akauliza kwa utani tembo hili lina miaka mingapi.

"Limeanza kudondoka jana magharibi," mjomba akasema. "Hesabu. Saa kumi na mbili."

Sanduku nilimwachia. Anawekea kotama zake.